Bei ya Sindano ya Pili

Kuna namba tatu za utafiti wa saratani ambazo kila nikizirudia hunisisimua: 36, 1, 1. Zimetoka Kenya.

Kuanzia Desemba 2018, wasichana 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu, wenye umri wa miaka 15 hadi 20, waliingia kwenye utafiti unaoitwa KEN SHE. Waliouongoza ni pamoja na Nelly Mugo wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na Ruanne Barnabas, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Wasichana waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilichomwa sindano moja ya chanjo inayokinga aina 9 za HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. La pili lilichomwa sindano moja ya chanjo inayokinga aina 2. La tatu lilipata chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo haihusiani kabisa na HPV. Baada ya miezi 18 watafiti waliwachukua wale 1,458 ambao mwanzoni hawakuonyesha alama yoyote ya kuwahi kukutana na HPV 16 au 18, wakatazama ni nani sasa ana maambukizi sugu ya aina hizo. Katika kundi la uti wa mgongo walikuwa 36. Katika kundi la aina 9 alikuwa 1. Katika kundi la aina 2 alikuwa 1.

Zigeuze namba hizo ziwe watu. Kati ya kila wasichana 13 hivi wasiokingwa, mmoja alishikwa na kirusi kisichotoka, ndani ya mwaka mmoja na nusu tu. Kati ya waliokingwa, mmoja kwa karibu 500. Ufanisi wake ni 97.5%, na umepatikana kwa sindano moja, wakati chanjo ya HPV iliingia sokoni mwaka 2006 ikiwa ni ya sindano tatu, na Shirika la Afya Duniani lilishuka hadi mbili kwa wasichana wa chini ya miaka 15 mwaka 2014.

Matokeo hayo yalipochapishwa mwaka 2022, wengi waliyasoma kama habari ya kubana matumizi: nchi maskini zitalipa nusu. Ni kweli zitalipa nusu. Lakini ukikaa na hesabu yenyewe utaona kwamba fedha ndiyo sehemu ndogo ya mambo. Kwa miaka mingi bei ya sindano ya pili ililipwa na wasichana ambao hawakupata hata ya kwanza.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na wapatao 350,000 walikufa kwayo. Katika kila vifo 100, 94 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka na vifo zaidi ya 6,000. Kenya, wagonjwa zaidi ya 5,000 na vifo zaidi ya 3,000. Jumlisha vifo vya nchi hizi mbili, gawanya kwa siku 365: ni wanawake 24 au zaidi kila siku. Wengi wao ni wa umri ambao nyumba nzima huwaegemea, wana watoto wa sekondari, wana mama wazee wa kutunzwa, wana genge au shamba. Lengo la dunia ni kila nchi ishuke chini ya wagonjwa 4 kwa wanawake 100,000 kwa mwaka. Tanzania iko juu ya 60.

Na hii ni saratani ambayo chanzo chake kinajulikana. Mjerumani Harald zur Hausen alikitambua kirusi cha HPV 16 ndani ya uvimbe wa saratani hii mwaka 1983, na HPV 18 mwaka uliofuata. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel. Aina hizo mbili peke yake ndizo zinazosababisha takriban 70% ya saratani zote za mlango wa kizazi. Watu wengi wanaofanya ngono hukutana na HPV wakati fulani maishani, na hakuna aibu ndani yake. Mara nyingi sana mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Hatari iko kwa wachache ambao kirusi hubaki kwao. Huishi juujuu, kwenye utando wa mlango wa kizazi, hakiingii kwenye damu, hakiui seli kwa kishindo, hakileti homa wala uvimbe wa kuwashtua askari wa mwili. Kinga inapita mlangoni kila siku bila kujua kuna mgeni ndani. Baada ya miaka 15 hadi 20 seli zile huweza kugeuka saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, hasa anayeishi na VVU bila matibabu, safari hiyo huweza kuwa ya miaka 5 hadi 10 tu.

Chanjo huziba pengo hilo kwa njia ambayo naiona ni miongoni mwa kazi nzuri zaidi zilizowahi kufanywa maabara. Mwaka 1991, huko Queensland, Australia, Ian Frazer na Jian Zhou walionyesha kwamba protini za ganda la HPV, zikitengenezwa peke yake, hujipanga zenyewe na kuwa mpira mdogo unaofanana na kirusi. Baadaye ikaonekana kwamba protini moja tu, iitwayo L1, inatosha kuunda mpira huo. Ndani ni tupu. Hamna vinasaba, kwa hiyo hakuna cha kuzaliana wala cha kuambukiza, na hakuna kinachogusa uzazi wa msichana, hata kama uvumi huo umezunguka kutoka Mombasa hadi Mbeya. Kila mpira una nakala 360 za protini hiyo, zimepangwa kwa mstari kama punje kwenye gunzi. Seli za kinga zikikutana na mpangilio huo wa kujirudiarudia hupata ishara kali kuliko zile za protini zilizotawanyika ovyo. Baadhi yake huhamia kwenye uboho wa mifupa na kukaa huko miaka na miaka zikitoa kingamwili kidogokidogo. Hapo ndipo wanasayansi walianza kujiuliza: kama ishara ni kali kiasi hiki, kwa nini turudie mara tatu?

Jibu la kwanza lilipatikana bila kutafutwa. Nchini Costa Rica, mwaka 2004 na 2005, wanawake 7,466 waliandikishwa kwenye jaribio ambalo nusu yao wangepata dozi tatu za chanjo. Lakini maisha hayafuati karatasi. Baadhi walishika mimba katikati, wengine walipelekwa kupimwa zaidi, wakakatisha. Waliobaki na dozi moja tu ya HPV hawakufika hata 200. Mtafiti Aimée Kreimer na wenzake walipowaangalia mwaka 2011 waliwakuta wamekingika kama waliomaliza zote. Kingamwili zao zilikuwa chache kuliko za wenzao, ila hazikuendelea kushuka. Zilitua mahali pamoja na zimebaki hapo kwa zaidi ya miaka 10.

India nako jaribio lilikatishwa njiani. Mwaka 2010 serikali ilisimamisha utafiti wa chanjo ya HPV, na wasichana 4,949 waliokuwa wamepangiwa dozi zaidi wakabaki na moja. Walifuatiliwa kwa miaka. Mwaka 2021 hesabu ilitoka: dozi moja ilizuia maambukizi sugu ya HPV 16 na 18 kwa 95.4%, mbili kwa 93.1%, tatu kwa 93.3%. Tofauti hizo ndogo hazina maana kitakwimu. Makundi yote yamelindwa sawa.

Bado ushahidi huo ulikuwa na udhaifu: hakuna aliyechagua nani abaki na dozi moja, na huenda waliokatisha walikuwa tofauti na waliomaliza. Ilihitajika kazi iliyopangwa tangu mwanzo, na kazi hiyo imefanyika kwetu. Kabla ya KEN SHE kuanza, mjini Mwanza watafiti wa Tanzania na wenzao wa London, akiwamo Deborah Watson-Jones, walikuwa wameandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, makundi sita ya wasichana 155: dozi moja, mbili au tatu, kwa kila moja ya chanjo mbili. Huo ndio utafiti wa DoRIS. Baada ya miezi 24, zaidi ya 97.5% ya wasichana katika kila kundi walikuwa na kingamwili dhidi ya HPV 16, hata waliochomwa mara moja tu, na kiwango chao hakikuwa chini ya kile cha wanawake wa Costa Rica na India ambao tayari ilijulikana wamekingika. Hapa palikuwa na swali lililohitaji jibu la Afrika. Mtoto wa Kanda ya Ziwa anaweza kuwa na malaria leo, minyoo kesho, na pengine lishe isiyotosha. Je, mwili wake ungeitikia chanjo kama wa msichana wa San José, Costa Rica? Uliitikia.

Aprili 2022 jopo la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja au mbili kwa wasichana, na Desemba mwaka huo shirika likaliandika kuwa msimamo wake rasmi. Wasichana wanaoishi na VVU au wenye upungufu mwingine wa kinga wao waliwekwa kando: wapate angalau mbili, na ikiwezekana tatu. Nitarudi kwao.

Sasa fedha. Mwaka 2006 dozi tatu ziliuzwa Marekani kwa dola 360. Mwaka 2013 Gavi, mfuko wa kimataifa wa chanjo, ulipata bei ya dola 4.50 kwa dozi, yaani shilingi 11,000 na ushee za Tanzania kwa viwango vya miaka hii. Dozi ya toleo jipya la chanjo hiyo, kutoka kwa mtengenezaji yuleyule, imepita dola 250 kwa bei ya Marekani. Ni zaidi ya mara 50. Mwaka 2021 chanjo ya Kichina iitwayo Cecolin, ambayo protini yake hutengenezwa ndani ya bakteria, iliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, na bei yake kwa nchi za Gavi ni dola 2.90. Masoko ni tofauti, najua, na Gavi haiuziwi kama kliniki ya Boston. Hata hivyo msichana wa kwanza kabisa kukingwa aligharimu dola 360 na leo anaweza kukingwa kwa dola 2.90, sehemu moja ya 124.

Chukua Tanzania. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14 peke yao, dozi mbili zenye angalau miezi 6 kati yake. Aprili 2024 nchi ikahamia dozi moja na kufungua mlango kwa wote wa miaka 9 hadi 14, walengwa wakikaribia milioni 5. Kwa dola 4.50, dozi mbili kwa wasichana milioni 5 ni dola milioni 45. Dozi moja ni milioni 22.5. Kwa bei ya dola 2.90 ni milioni 14.5. Sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka Gavi na nchi huchangia, lakini mifuko yote miwili ina mwisho.

Hiyo ndiyo hesabu ya kwenye karatasi. Ile ya barabarani ni nzito zaidi, kwa kuwa chanjo lazima ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8 tangu uwanja wa ndege hadi kwenye mkono wa msichana. Mnyororo baridi unamaanisha jokofu la mkoa, jokofu la wilaya, boksi lenye barafu, pikipiki, muuguzi aliyetoka zahanati na kuwaacha kina mama wa kliniki wakisubiri, mwalimu aliyeandaa orodha, mzazi aliyepewa barua. Yote haya hufanyika kwa ziara ya kwanza. Kwa ratiba ya dozi mbili, baada ya miezi 6 yanarudiwa yote kuanzia mwanzo, na safari hii ni kuwatafuta walewale. Mmoja amehama na wazazi kufuata malisho. Mwingine amemaliza darasa la saba. Mwingine siku hiyo alikuwa mgonjwa, au kwenye hedhi hana taulo, akabaki nyumbani. Muuguzi anayetafuta wasichana 40 wa ziara ya kwanza darasani akawakuta 28 hakupoteza wale 12 pekee. Amepoteza pia siku nzima ambayo angeweza kwenda kijiji cha pili ambako hakuna aliyechomwa hata mara moja.

Na kuna kipindi ambapo tatizo halikuwa hata fedha. Kati ya 2018 na 2022 chanjo zenyewe hazikutosha duniani. Viwanda vilikuwa vichache, nchi tajiri zikaongeza wavulana na watu wazima kwenye ratiba zao, na nchi zilizosubiri zikashauriwa zichelewe kuwafikia wasichana wa rika kadhaa kwa pamoja. Ndiyo maana Tanzania ilianza na miaka 14 tu: ni umri wa mwisho kabla msichana hajatoka kwenye kundi la walengwa, kwa hiyo ukikosa chanjo za kutosha unawawahi wale wanaoelekea kukosa kabisa. Naomba msomaji atulie hapa. Kila sindano ya pili iliyotolewa duniani miaka ile ilitoka kwenye ghala moja na sindano ya kwanza ya mtoto mwingine. Ufikaji wa dozi ya kwanza duniani ulianguka hadi 15% mwaka 2021, janga la Uviko likichangia kwa kufunga shule. Ratiba zilipoanza kupungua dozi na viwanda vikaongezeka, namba ikapanda hadi 27% mwaka 2023, na 31% mwaka 2024. Sidai dozi moja pekee ndiyo iliyofanya hivyo. Nadai kwamba bila hiyo namba zisingepanda kwa kasi hiyo.

Rwanda, kwa haki, ilionyesha mapema kwamba hata dozi tatu zinawezekana. Mwaka 2011 ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuchanja nchi nzima, na zaidi ya 93% ya wasichana waliolengwa walipata zote tatu. Lakini chanjo za miaka mitatu ya mwanzo zilikuwa za msaada wa mtengenezaji, nchi ni ndogo, na karibu kila msichana wa umri ule alikuwa darasani. Huwezi kuichukua Rwanda ukaibandika juu ya mkoa wa Katavi, Tanzania.

Gavi ilijiwekea lengo la kuwafikia wasichana milioni 86 kufikia mwisho wa 2025, ikalifikia, na makadirio yake ni kwamba vifo milioni 1.4 vya siku zijazo vitazuilika. Gawanya mwenyewe: wasichana 61 hivi kwa kila uhai mmoja. Kwa dozi moja ya dola 4.50, uhai huo umenunuliwa kwa chanjo za dola 276. Kwa dola 2.90, ni 178. Ongeza gharama za kufikisha, hata zikiwa mara mbili ya chanjo yenyewe, bado uko chini ya dola 1,000.

Linganisha na upande wa pili wa ugonjwa. Mwanamke aliyegundulika saratani ikiwa imesogea, kama ilivyo kwa wengi hapa kwetu, matibabu yake ya kawaida ni mionzi ya nje mara 25, siku tano kwa wiki, dripu ya dawa kila wiki, kisha mionzi ya ndani mara kadhaa. Yote yanapaswa kwisha ndani ya wiki 8, kwa maana kila wiki inayozidi inapunguza nafasi ya kupona. Takriban wagonjwa 7 kati ya 10 wa saratani hii huhitaji mionzi. Kwa Tanzania ni wanawake 7,000 kwa mwaka, ziara 175,000 kwenye mashine. Mashine moja huhesabiwa kuhudumia wagonjwa wapatao 450 kwa mwaka, kwa hiyo kwa saratani hii moja peke yake zingehitajika mashine 15 au 16, kabla hujagusa titi, koo wala tezi dume. Mama wa Kigoma anayetibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake kwa miezi miwili. Nauli, godoro kwa ndugu, chakula cha anayemsindikiza, mahindi yasiyopaliliwa. Gharama hizo hazimo kwenye jedwali lolote la wizara, na ndizo zinazowafanya wengine wakatishe wiki ya tatu.

Je, tuna uhakika chanjo inazuia saratani yenyewe, si kirusi tu? Tunao, ingawa umetoka kwenye nchi zilizotumia dozi mbili au tatu. Sweden iliwafuatilia wasichana na wanawake milioni 1.67: waliochanjwa kabla ya miaka 17 walikuwa na hatari pungufu kwa 88%. Uingereza, waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13, pungufu kwa 87%. Scotland haikupata saratani hata moja iliyopenya miongoni mwa waliokamilisha chanjo wakiwa na umri huo. Kwa dozi moja ushahidi wa namna hiyo utachukua muda, kwa sababu saratani yenyewe inachukua miaka. Wanaosema tungesubiri, nawaheshimu, ila wafanye hesabu ya kusubiri pia. Miaka 20 ya kusubiri uhakika kamili, kwa kasi ya vifo 6,000 kwa mwaka Tanzania peke yake, ni makaburi 120,000.

Ninachohofia mimi ni kwingine. Dozi moja ni rahisi mno, na kilicho rahisi huwafanya wakubwa wahesabu kazi imekwisha. Msichana aliyezaliwa na VVU anahitaji dozi mbili au tatu, na kwenye foleni ya shuleni hawezi kunyoosha mkono na kusema hali yake mbele ya wenzake. Njia yake ipitie kliniki anakochukulia dawa, na kliniki hizo zipewe chanjo. Wanawake wanaoishi na VVU wana hatari mara 6 ya kupata saratani hii kuliko wasio nayo. Kuwasahau hawa ni kusahau pale ambapo ugonjwa umejikita. Kisha kuna asiye shuleni kabisa, msaidizi wa ndani mwenye miaka 12, au anayeuza karanga stendi. Ile siku ya muuguzi iliyookolewa kwa kutorudi shuleni ni yake. Ikirudishwa kwenye mikutano itakuwa imeibwa.

Na kuna waliokwisha kupita umri wa chanjo. Chanjo haitibu aliyekwisha kushikwa. Mpango wa dunia hadi 2030 unataka 90% ya wasichana wachanjwe, 70% ya wanawake wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena 45, na 90% ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Kupima kwa siki, ambako zahanati nyingi zinakujua, hakuhitaji vifaa vingi, ila taa na mtu aliyefundishwa vizuri. Kipimo cha vinasaba vya HPV ni bora zaidi na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, ila kinadai maabara.

Wale wasichana 36 wa kundi la uti wa mgongo wako kwenye foleni hii ya kupimwa. Mpango wa KEN SHE ulikuwa kwamba kundi lao nalo lipewe chanjo ya HPV mwishoni, iwakinge dhidi ya aina ambazo hawajakutana nazo. Ile waliyokwisha kuibeba haitaondoka kwa sindano. Kwa wengi wao mwili utaishinda. Kwa wachache haitashindwa, na umri wa kuanza kupimwa kwa mwanamke asiye na VVU ni miaka 30. Wakubwa wao wanaufikia kuanzia 2028.